Kabla hujasema diplomasia ni ya mabalozi

Jumapili mdogo wangu aliniuliza kwenye kundi letu la familia: "Dada, huko Hamburg kazi yako kuhudumia wazee. Mambo ya nchi na nchi si ya mabalozi? Raia wa kawaida anaingilia wapi?" Nilikuwa zamu. Leo nimepumzika, nakujibu.

Mdogo wangu, kila siku unashukia Posta. Pale kwenye Sanamu ya Askari, kabla Waingereza hawajaisimamisha mwaka 1927, palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, na chini yake askari wa Kiafrika anamtazama kwa kuinua uso. Wajerumani waliiweka mwaka 1909. Waingereza walipoitwaa Dar waliing'oa wakaipeleka London, na mwaka 1922 ikasimamishwa hapa Hamburg, mbele ya chuo kikuu.

Mimi mtoto wa Mwananyamala nimekuja kuyajua haya ukubwani, kwa mzee ninayemlisha supu. Aliniuliza natoka wapi. Niliposema Dar es Salaam, akaushika mkono wangu wenye kijiko, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema alikuwa mwanafunzi pale chuoni. Mwaka 1967 wanafunzi waliifunga kamba ile sanamu wakaiangusha. Wakubwa wakairudisha. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na haikurudishwa tena pale chuoni.

Hakuna serikali iliyowatuma wale vijana. Miji yetu imekuja kutia saini undugu mwaka 2010, na Rais wa Ujerumani, Steinmeier, akaenda Songea mwaka 2023 kuomba msamaha kwa waliyotutendea Wajerumani wakati wa Maji Maji, karibu miaka sitini baada ya ile kamba. Ninavyoona mimi, wenye kamba ndio waliotangulia.

Ila nisikudanganye. Mama alipoomba viza aje kumwona mjukuu wake alinyimwa, eti haikuaminika kwamba atarudi nyumbani. Mama, mwenye nyumba yake, mwenye kuku na vikoba vyake! Nililia chooni kazini. Undugu wa miji haukumfaa kitu, na mimi sikuwa na mlango wa kugonga. Mwenye muhuri akishakataa, raia wa kawaida unabaki na barua yako mkononi.

Na huku unabeba nchi nzima mgongoni bila kuteuliwa na mtu. Mwenzangu Mjerumani akichelewa, amechelewa yeye. Nikichelewa mimi dakika tano naulizwa kama huko kwetu ndivyo tulivyo. Kwa hiyo napanda treni ya saa kumi na moja kasoro alfajiri, hata wakati wa barafu. Inachosha sana, lakini sitaki anayekuja nyuma yangu akute jina limeshaharibika.

Yule mzee sasa nikiingia chumbani ananiwahi: "Shikamoo!" Nimemweleza kwamba mimi ndiye wa kumwamkia, bado ananiwahi. Ameniomba picha ya pale Posta, aone kilichosimama sasa. Kesho ukishuka, nipigie moja, usimame mbele yake ili askari aonekane uso.