Kufuta taimauti zote za mteja kwa mkupuo

Umeuliza utazimaje taimauti zote (vipima muda vinavyoita kazi muda ukifika) za mteja mmoja akikata muunganisho bila kuzisaka moja moja. Node.js (programu ya kuendeshea JavaScript kwenye seva) haina amri ya kufuta kundi zima, kwa hiyo kila muunganisho upe daftari lake: Set moja (mkusanyiko wa vitu visivyojirudia). Kila unapoita setTimeout kuanzisha taimauti, tia humo inachorudisha. Mteja akiondoka, pitia Set yote ukiifuta kila taimauti kwa clearTimeout, basi.

Ila taimauti ikilia, lazima ijitoe yenyewe kwenye Set kabla ya kufanya kazi yake. Hapo ndipo wengi tunateleza. Niliwahi kusahau mstari huo mmoja, asubuhi nikakuta seva imevimba kumbukumbu.

Kuhusu uzito, ondoa shaka. Node.js huweka taimauti za muda sawa kwenye foleni moja, kwa hiyo 10,000 za sekunde 30 zinajipanga mstari mmoja na mpya hubandikwa mkiani. Kinacholeta kazi ni muda wa ovyo ovyo (milisekunde 30017, 30142...), maana kila muda hufunguliwa foleni yake. Ukadirie muda hadi sekunde nzima.

Na kama unapima ukimya wa mteja tu, usifute na kuunda upya kila akituma kitu. Ita refresh() kwenye taimauti ileile, ianze kuhesabu upya.

Halafu angalia muda usizidi milisekunde 2147483647, yaani karibu siku 25. Ukizidi, Node.js inaufanya milisekunde 1 na taimauti inalia papo hapo!