Harufu ya bangi na dawa iliyomo: majibu kwa wasomaji wa Kusini mwa Tanzania

Maswali mengi ya safari hii yanahusu bangi kama tiba, na hasa madai kwamba harufu yake nayo inatibu. Nimechagua matano.

Habari daktari. Dada yangu ametoka ughaibuni na chupa ya mafuta ya CBD, imeandikwa "ina terpeni". Hizo terpeni ni nini, na mama naye anaweza kutumia? Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. (Msomaji, Masasi)

Mimi ni mfamasia, si daktari, ila salamu nimepokea. Terpeni ni mafuta mepesi yanayoupa mmea harufu. Ukimenya chungwa, ule unukio unaorukia puani ni limoneni. Mchaichai una mirseni, mrehani una linaloli, karafuu na pilipili manga zina kariofileni. Bangi inazo zote hizo, kwa viwango vinavyopishana kutoka mche hadi mche. Kanabinoidi ni kundi jingine la kemikali za bangi, na zinazojulikana zaidi ni mbili: THC inayolewesha, na CBD isiyolewesha.

Mama asiiguse chupa hiyo. CBD huzuia ini kuvunja warfarini, damu ikawa nyepesi kupita kiasi na mtu akavuja damu ndani kwa ndani. Tena maandishi ya chupa hizi si ya kuaminika. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni. Karibu asilimia 31 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC. Kwa sheria yetu, THC ndani ya chupa ni dawa ya kulevya, hata kama lebo haikuitaja.

Nimesoma kwamba kanabinoidi na terpeni zikiwa pamoja zinatibu kuliko kimoja kimoja. Ni kweli? (Mwalimu, Lindi mjini)

Mwalimu, hapa ndipo penye ubishi. Wazo lilianza 1998. Raphael Mechoulam, mwanakemia wa Israeli ambaye pamoja na Yechiel Gaoni alitenga THC mwaka 1964, aliona na wenzake kwamba kemikali moja inayotengenezwa na mwili wenyewe, inayofanana kazi na THC, hupata nguvu zaidi ikisindikizwa na mafuta mengine ambayo peke yake hayafanyi kitu. Terpeni hazikuwemo. Mwaka 2011 daktari wa neva wa Marekani, Ethan Russo, ndiye aliyelipeleka wazo hilo mbali, akapendekeza jinsi terpeni zinavyoweza kushirikiana na kanabinoidi. Yalikuwa mapendekezo ya kwenda kupimwa. Wauzaji wakayageuza tangazo.

Vipimo vilipofanyika vilitoa majibu mchanganyiko. Kanabinoidi hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya seli: CB1, vilivyojaa kwenye ubongo, ambako THC huleta ulevi, na CB2, vilivyo zaidi kwenye seli za kinga. Mwaka 2008 iligundulika kwamba kariofileni, hiyo hiyo ya karafuu, hushika CB2, na ikapunguza uvimbe kwa panya. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwaka 2019 maabara moja ya Australia ilichukua terpeni 6 za bangi, kariofileni ikiwemo, ikazijaribu kwenye seli pamoja na THC, na THC haikubadilika kwa vyovyote.

Jaribio ninalolipa uzito zaidi ni la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lililochapishwa 2024. Watu 20 wenye afya walivuta mvuke wa THC peke yake, kisha siku nyingine wakavuta THC ikiwa na limoneni. Miligramu 30 za THC zilipoambatana na 15 za limoneni, hofu na wasiwasi vilipungua, ila limoneni peke yake haikuwa na tofauti na mvuke mtupu. Kwa hiyo ushirikiano upo, angalau kwa jozi moja na dalili moja. Kupunguza hofu inayoletwa na THC yenyewe, hata hivyo, si kutibu ugonjwa, na hao 20 hawakuwa wagonjwa.

Shikamoo. Mwanangu ana kifafa, anatumia valproeti. Jirani ananiambia nimwekee majani ya bangi kwenye uji, eti mmea mzima unashinda vidonge. (Mama, Tandahimba)

Marahaba mama, pole na kuuguza. Usimwekee.

Jirani amesikia jambo la kweli akaligeuza. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya Epidiolex kwa aina mbili nzito za kifafa cha utotoni. Ndani yake mna CBD iliyosafishwa, si mmea mzima. Yaani ushahidi ulio imara kuliko wote kwenye tiba za bangi unahusu kemikali moja iliyotengwa mbali na wenzake! Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 hadi 400. Kijiko cha majani hakina mizani hiyo. Kitakachofika ni THC, kwenye ubongo ambao bado unakua.

Halafu CBD ikikutana na valproeti, vimeng'enya vya ini huweza kupanda, dalili kwamba ini linaumia, ndiyo maana wanaopewa hupimwa damu. Valproeti usiikatize ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukoma. Kama vidonge havimtoshi, mrudishe kliniki, na uombe rufaa ya Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, ikibidi.

Washkaji wanasema ukila embe kabla ya kuvuta, stimu inapanda. Na mbona Malawi wameruhusu? (Bodaboda, Mtwara)

Embe lina mirseni kidogo, na kiasi hutegemea aina. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba linapandisha chochote. Malawi iliruhusu mwaka 2020, kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Huku, kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kulima, kuwa nayo na kuvuta yote ni makosa.

Mke wangu anatibiwa saratani, anatapika sana baada ya dripu. Chai ya bangi itamfaa? (Mzee, Kilwa)

Shikamoo mzee wangu, na pole. THC dhidi ya kutapika inajulikana: Marekani iliidhinisha dronabinoli, THC ya maabara, tangu 1985, kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida zimewashinda. Chai ni kitu kingine. THC huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji karibu haiyeyuki. Nazo terpeni hupaa na mvuke, kwa hiyo jikoni pakinukia ujue zimeshatoka sufuriani.

Mwambie muuguzi anatapika mara ngapi, na baada ya saa ngapi. Kuna ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, na mara nyingi huongezewa dawa nyingine kabla dripu haijafunguliwa. Kama pia ana maumivu, ulizia mofini ya maji, Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, wanaitoa.