"Picha kwa hisani ya mtandao" haitoshi

Dada, umeuliza kama maneno hayo yanakulinda ukiweka picha ya Google kwenye tangazo lako la keki. Hayakulindi. Mtandao haupigi picha, watu ndio wanaopiga, na kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 haki ya mpigaji haisubiri usajili. Jaribu Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha za kutumia bure, usome leseni iliyo chini ya picha: ile iitwayo CC BY inakuruhusu hata kwa biashara, mradi umtaje mpigaji na leseni yenyewe. Kwingineko ukiona NC, yaani "si kwa biashara", achana nayo, maana wewe unauza.

Ila kusema kweli, keki ya mwenzio ya nini? Piga yako asubuhi, karibu na dirisha. Mteja akiagiza ile ya mtandaoni, utaiweza?