Mpwa wangu, tarumbeta peke yake halilipi kodi ya nyumba London

Salamu zako na zile video za bendi yako hapo Morogoro zimefika. Unauliza hivi: umejifunza tarumbeta mwenyewe bila mwalimu, bendi umeshaunda na unaiongoza, je, ukija Uingereza utaishi kwa muziki? Wenzako kadhaa wameniuliza hilohilo, basi na wao wasome humu.

Kukosa mwalimu kusikutie unyonge. Humphrey Lyttelton, ambaye Waingereza walimpenda kuliko karibu wanajazi wao wote, alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1936, siku shule yake ya Eton ilipokuwa ikicheza kriketi pale Lord's, alichomoka uwanjani akaenda Charing Cross Road kununua tarumbeta. Vita vilipomkuta akaingia jeshini na tarumbeta lake, na tarehe 8 Mei 1945, London ilipofurika watu wakishangilia ushindi, alikuwa amekaa ndani ya toroli anapuliza huku wenzake wanamsukuma. BBC walinasa sauti yake bila kukusudia.

Sasa nikwambie upande wa mkate. Lyttelton aliunda bendi yake mwaka 1948, akawa kiongozi wa bendi hadi alipofariki Aprili 2008 akiwa na miaka 86. Wimbo wake "Bad Penny Blues" uliingia ishirini bora za Uingereza mwaka 1956. Pamoja na hayo yote, alichora katuni za gazeti la Daily Mail, akaandika vitabu na makala, akatangaza kipindi cha jazi redioni kwa miaka arobaini kuanzia 1967, na tangu 1972 akaongoza kipindi cha vichekesho. Wako Waingereza waliomjua kwa vichekesho tu. Na huyo ni mtoto wa ukoo wa kikabaila, aliyezaliwa palepale Eton, baba yake mwalimu. Akikwama, ana pa kuegemea. Wewe ukikwama utanipigia mimi, na mimi nabeba boksi.

Ndiyo, boksi. Zile picha mnazoziona, nimevaa suti na tarumbeta mkononi, ni za Jumapili jioni. Siku nyingine nipo ghalani zamu ya usiku. Baa ninayopiga hailipi. Kofia inapitishwa kwa wateja, tunagawana wote, na kuna siku nauli ya treni inakula fungu langu lote. Mazoezi nayo ni mtihani. Kuta za nyumba hizi ni nyembamba, hata nikiweka kizibo cha kupunguza sauti ya tarumbeta jirani anagonga. Wewe hapo unapuliza uani jioni nzima na watoto wanakuja kucheza. Usiidharau hiyo.

La vibali ndilo linaloniogopesha zaidi kwa vijana. Usidanganywe na mtu anayekwambia uje kwa viza ya matembezi kisha "utajipenyeza". Novemba 1949 mwanajazi mkubwa wa New Orleans, Sidney Bechet, aliingia London bila kibali cha kazi, akapanda jukwaani na bendi ya Lyttelton. Ukumbi ulilipuka kwa furaha, lakini waliomleta walipelekwa mahakamani wakapigwa faini. Huyo ni Bechet! Siku hizi pia, mgeni wa kulipwa jukwaani lazima awe na mwaliko rasmi au mdhamini anayetambulika, na ukikamatwa, rekodi hiyo inakufuata kwenye kila fomu ya viza utakayojaza.

Je, watakupokea? Wanamuziki wenyewe, ndiyo. Mwaka 1952 Lyttelton aliungana na Freddy Grant, mpuliza klarineti aliyezaliwa Guyana, wakaunda bendi ya pamoja na wanamuziki wahamiaji wa Karibiani, muziki ukachanganyika vizuri sana. Ubishi mara nyingi unatoka kwa mashabiki. Mwaka uliofuata aliingiza saksafoni kwenye bendi, na mjini Birmingham watu wa jazi ya zamani wakainua bango la kumwambia mpigaji arudi kwao. Mpigaji mwenyewe, Bruce Turner, ni Mwingereza! Sisi tunaambiwa hivyo kwa rangi, yeye aliambiwa kwa saksafoni. Lyttelton hakumwondoa, na nadhani uongozi wake wa bendi ulikuwa hapo hasa: alisikiliza masikio yake. Karibu na miaka 80 alikwenda kupuliza kwenye albamu ya mwaka 2001 ya Radiohead, bendi ya roki ya Waingereza wadogo kwake kabisa.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningerekodi nyimbo nne safi, zenu wenyewe, nikaanza na tamasha la muziki la Sauti za Busara hapo Unguja. Waandaaji wa matamasha ya Ulaya huwa wanafika, na wao ndio wenye uwezo wa kukuandikia mwaliko. Shamba la babu msiuze kwa ajili ya tiketi. Mama yako nimeshamwambia. Ukija kwa mwaliko, kitanda kipo, na Jumapili tutakwenda wote baa. Kizibo uje nacho.