Gorogoro Mbili Chini ya Meza

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa nafaka hapa Kibuye, Kisumu. Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nasoma mstari wa siku kwenye simu, naomba, halafu naupeleka kwa grupu ya akina mama wa kanisa. Nikifika sokoni mstari wenyewe siukumbuki, na hata nikiukumbuka sioni pa kuuweka. Juzi ulikuwa Yeremia 29:11. Nikasema Amina, kisha nikashinda nikigombana na wateja na watu wa ushuru mpaka jioni. Nifanye nini ili Neno liingie katika siku yangu? Tena kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Nina gorogoro mbili, ile mikebe ya kupimia nafaka. Ya kununulia kwa wakulima ni nzima. Ya kuuzia imegongwa kitako kikaingia ndani. Karibu kila mtu kwa laini yetu anafanya hivyo, hata mzee mmoja wa kanisa. Nikiuzia ile nzima itabidi nipandishe bei, na wateja watahamia kwa jirani. Je, hii ni dhambi ama ni biashara tu? Na kama ni dhambi, wale niliowauzia miaka sita nitawarudishia vipi?

JIBU: Amina, Mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Uliuliza jinsi ya kuliingiza Neno katika siku yako, kisha ukanitajia gorogoro mbili kana kwamba ni habari nyingine. Ni habari ile ile.

Fungua Kumbukumbu la Torati 25:13. Musa anawakataza Waisraeli kubeba vipimo viwili mfukoni, kikubwa na kidogo, na mstari unaofuata unakataza hivyo hivyo vya nyumbani. Kwa Kiebrania maneno yenyewe ni “jiwe na jiwe”. Zamani hizo fedha ilipimwa kwa mizani, na mawe ya kupimia mtu aliyabeba kwenye mfuko. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyaokota mawe hayo Yerusalemu na Lakishi: madogo, ya mviringo, chini bapa ili yasibingirike, mengine yamechorwa alama. La shekeli moja lina gramu 11 hivi. Mjanja alikuwa na jiwe zito la kupokelea na jepesi la kutolea, yote katika mfuko mmoja. Sasa jiangalie wewe na meza yako. Miaka sita umekuwa ukitafuta mahali pa kuliweka Neno sokoni, kumbe lilifika Kibuye kabla yako, likainama, likachungulia chini ya meza.

Nirudi kidogo kwa ule mstari wa simu, maana nisipousema utanisumbua. “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Hilo ni fungu la barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu akaipeleka kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kabla ya kufika mstari wa 11 amekwisha kuwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautafute usitawi wa mji ule uliowafunga, na kwamba kungoja kwenyewe ni miaka 70. Mtu mzima aliyesimama akaisikia ikisomwa alijua atazikwa huko huko. Kwa hiyo siku ile ulipogombana na watu wa ushuru, barua ilikuwa na neno lako kabisa, ila lilikuwa mstari wa 7, na simu haikukuletea wa 7. Sina ugomvi na simu, hata mimi naitumia. Lakini mstari mmoja mmoja ni kama kuonja mboga umesimama jikoni: chumvi unaijua, ila hujala.

Sasa gorogoro. Unauliza ni dhambi au ni biashara. Ningekuwa wakili wako ningekutetea hivi: gorogoro si kilo, hakuna aliyeahidi kilo, mteja anaona mkebe kwa macho yake, na kama laini nzima imegonga vitako basi bei ya soko imeshajirekebisha yenyewe. Ni utetezi mzuri, na nimeusikia ukitolewa na watu wenye digrii. Unaangukia mahali pamoja tu. Mteja akikuambia, “Mama, hebu igeuze nione chini,” utaigeuza?

Mimi nimesimama mara nyingi mbele ya meza hizo. Mama anachota mahindi kwa kiganja, anamimina, mkono wa kushoto umeukumbatia mdomo wa mkebe kama ukuta, kilele kinapanda, punje chache zinateremka na kurudi guniani. Mteja anasema niongezee, anaongezewa punje za kujaza ngumi ya mtoto, anafurahi. Macho yote yako juu. Huko juu mama amekuwa mkarimu mbele ya watu, na chini amejirudishia, tena zaidi. Biblia inaiita mizani ya hadaa. “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza.” Ni Mithali 11:1, na sijui kama umewahi kuletewa huo kama mstari wa siku.

Tena kuna hii gorogoro yako nzima. Mwenye moja iliyogongwa anaweza kujidanganya kwamba hajui tofauti. Wewe unaijua kwa punje, kwa sababu unaponunua unahakikisha umeshika ile nyingine. Hiyo nzima ndiyo shahidi wako, na umemweka mwenyewe.

Mtume Yakobo anasema, “Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu.” Halafu anatoa mfano wa mtu aliyejitazama kwenye kioo, akaenda zake, mara akasahau sura yake. Huyo mtu hana shida ya kusahau. Ameona doa, na kuliosha kuna gharama. Nadhani hata wewe, Mama, unaposema mstari unakupotea ukifika sokoni, usiulaumu ubongo wako. Mtu hukosa pa kuliweka Neno pale ambapo pana kitu kingine kimeshakaa.

Tazama Yohana Mbatizaji alivyojibu swali kama lako katika Luka 3. Watoza ushuru walimwendea wakamwuliza, tufanye nini sisi? Hakuwaambia waache kazi wakaishi naye jangwani wakila nzige. “Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa.” Askari nao wakauliza, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Kila kundi lilipewa jibu la chombo chake cha kazi. Ungekuwa kwenye foleni ile, nina hakika angekuuliza habari za mkebe.

Hata Bwana Yesu mwenyewe lazima alikuwa amemwangalia mtu akipima nafaka kwa makini. Soma Luka 6:38 polepole: kipimo cha kujaa, kushindiliwa, kusukwa-sukwa, hata kumwagika, kisha kinamiminwa vifuani, yaani kwenye pindo la vazi lililokunjwa kama mfuko. Sisi huutumia mstari huo wakati wa kukusanya sadaka. Wenyewe umetoka sokoni.

Nisiwaonee wauzaji peke yao. Mithali 20:14 inamcheka mnunuzi anayeiponda bidhaa mpaka aipate kwa bei ya chini, kisha anakwenda njiani akijisifu. Nikiwa mchungaji kijana nilimbana bibi mmoja wa omena pale Dunga kwa namna hiyo hiyo. Nilisema zina mchanga, nikasema ni ndogo, nikageuka kama ninayeondoka, mpaka akaniachia kwa bei ambayo sidhani ilimrudishia hata yake. Jioni nikahubiri juu ya neema. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na mimi, na mchanga wenyewe sikuuona.

Unaogopa kupoteza wateja, na hofu hiyo si ya mchezo. Karo haingoji mtu. Lakini tenganisha mambo mawili yaliyoshikana kichwani mwako. Bei ni yako kuipanga, ipandishe ukitaka, mteja ataikubali au ataikataa akiwa macho. Kipimo si chako. Andika kwenye kadibodi kwa kalamu nene GOROGORO NZIMA, weka bei yake, na mtu akishangaa mpe mkebe aushike, augeuze. Mwenye pesa kidogo muuzie nusu, na umwambie ni nusu. Ukiweza siku moja kununua mizani iliyopigwa muhuri na watu wa vipimo, ni bora zaidi, ingawa najua bei yake si ya leo.

Huku kwetu magharibi, wamishonari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na kanisa lao la Friends liko nasi hadi sasa. Mababu zao kule Uingereza, katika karne ya 17, waliona kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni uongo, basi wakaweka bei moja na kukataa kupatana. Mwanzoni biashara iliwaharibikia. Baadaye watu wakagundua kwamba kwao unaweza kumtuma mtoto mdogo dukani naye asipunjwe. Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa hivyo kwako. Jirani yako anaweza kukuchukulia wateja na wasirudi, na Neno bado litakuwa lilelile. Nakuambia tu kwamba walikuwako wafanyabiashara waliolijaribu jambo hili wakiwa na tumbo kama letu.

Kuhusu kurudisha. Torati ilimtaka aliyedhulumu akarudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:5). Zakayo akajipandishia mwenyewe hadi mara nne, ambayo ni adhabu ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. Hakuna aliyemwambia, alisimama tu nyumbani kwake akasema. Wewe wateja wa miaka sita huwajui wote, na Mungu hakudai uwatafute mpaka stendi ya matatu. Lakini wapo unaowajua. Nina hakika kuna mama wa hoteli anayechukua maharagwe kwako kila wiki, na kuna mjane wa mtaani kwako. Anza na hao. Huhitaji kipaza sauti. Mwambie mmoja mmoja, “Kipimo changu kilikuwa na kasoro na nilijua,” kisha mpimie kilichopungua na umwongezee. Ndugu wa uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukafika hadi Nyanza walijulikana kwa jambo hilo, kumwendea mtu na kumrudishia alichopunjwa, na waliaibika kweli, na walilala usingizi.

Usikimbilie kulipa deni hilo kanisani. Mhasibu wetu hatanifurahia, lakini Mathayo 23:23 inawataja watu waliolipa zaka hata za mnanaa na bizari, huku adili na rehema wameviacha. Mama wa hoteli kwanza.

Mzee wa kanisa uliyemtaja, mwache. Najua mkononi mwako jina lake ni kama ngao, ila ngao hiyo haikufikii. Na kuhusu Kibuye kujaa zaidi siku ya Jumapili, hukuniuliza, nami leo sikuongezei mzigo. Soma tu Amosi 8:5 ukipata nafasi: watu waliofunga duka kwa ajili ya sabato huku moyoni wakihesabu saa ziishe, wakaipunguze efa, kipimo cha lita 22 hivi, zaidi kidogo ya debe.

Na ule usomaji wako wa asubuhi? Kaa na kitabu kimoja kwa mwezi mzima. Ningekupa Yakobo, sura 5, mistari 108. Unakimaliza ndani ya matatu asubuhi moja, kisha unarudia vipande vidogo vidogo. Usijilazimishe kila siku upate kitu. Siku zingine hutapata. Lakini utafika 5:4, ujira wa wavunaji uliozuiliwa ukilia, na ghafla utamkumbuka kijana wa mkokoteni uliyemwambia aje kesho. Mpigie simu hapo hapo, kabla hujaupeleka mstari kwa grupu.

Jambo la mwisho ni dogo. Kitako kikishaingia ndani hakirudi. Fundi wa jua kali ataugonga, lakini utabaki na mikunjo na utaendelea kula punje. Nunua mkebe mwingine. Huo wa zamani usimuuzie mtu, wala usimpe binti anayeanza biashara. Utoboe, ujaze udongo, uoteshe dania nyuma ya nyumba. Matundu yapige pembeni, maana katikati pameinuka na maji hayatatoka.