Yakhe usiuze kiwanja, nenda kwanza Disemba

Usiuze. Nimesoma mpaka pale uliposema "mteja wa kiwanja cha Paje kashapatikana, tunahamia kwao mke wangu milimani Italia, maisha mepesi, theluji, utulivu" nikaiacha chai ipoe, maana maneno hayo ni yangu mie mtupu, niliyasema 2016 na shamba la mikarafuu la marehemu baba kule Mtambwe likaenda nayo.

Mie nami nilipelekwa Julai. Piemonte, juu ya Domodossola, karibu na mpaka wa Uswisi. Julai kule saa tatu ya usiku bado kweupe, ng'ombe wana kengele shingoni, maji ya mlimani unayanywa kwa kiganja. Nyumba ya mawe euro elfu 19, na binamu wa mke wangu ndo dalali, kila saa ananambia hapa kimya, hapa utapumzika. Kimya kweli. Ila hakunambia, na mpaka leo akipiga simu sipokei, kwamba nyumba iko upande wa kivuli. Mlima una upande? Hata mie sikujua, sie jua letu liko utosini utalikosea wapi! Kule wakati wa baridi linapita chini chini upande wa kusini, mlima ukikaa mbele yako basi ushadhulumiwa. Katikati ya Novemba likajificha na halikurudi mpaka Februari. Na si mawingu, mbingu buluu tupu, unaliona linawaka ng'ambo ya bonde kwa jirani kaanika mablanketi, na wewe umekaa kama jodari kwenye friza. Unadhani natia chumvi? Tafuta Viganella, kijiji cha huko huko, mlima unawaziba toka Novemba 11 mpaka Februari 2, ikabidi 2006 wafunge kioo cha mita 8 kwa 5 juu mlimani kiwarudishie mwanga uwanjani. Kijiji chetu hata kioo hatuna.

Kuni nilinunua Oktoba, mbichi, kumbe wenzetu wanapasua leo za kuchoma mwakani. Moshi tu ndani. Bomba la maji likaganda likapasuka. Kanzu niliianika nje nikaikuta imekuwa ubao, nikaisimamisha ukutani, mke wangu akaitolea salamu.

Sisemi hamna raha. Alfajiri theluji mpya imeanguka, inameza sauti zote, nilisali mle kwa utulivu ambao hapa Unguja sijaupata hata usiku wa manane. Nusu saa hivi. Kisha shika beleshi, mlango haufunguki.

Kwa hivo kodi chumba, nenda mwezi wa 11 ukae mpaka wa 2, na kila siku saa sita mchana mbingu ikiwa safi simama mlangoni pa hiyo nyumba utazame chini kama una kivuli. Huna kivuli, hununui. Hata mkwe akilia. Na kiwanja kikae pale pale Paje.

Uliuliza viza na nguo pia, viza muulize mkeo. Nguo mie nilibeba makoti mawili ya mitumba ya Darajani, yakanistiri mpaka kama wiki ya pili.

Tulirudi 2019. Ile nyumba bado naiuza, mwenye kutaka aje inbox, picha ninazo nzuri sana, zote za Julai.