Ujumbe wa simu wa mwanajeshi: je, talaka imepita?

SWALI: Shekhe, mimi ni mwanajeshi, kwetu Langoni, Lamu. Nikiwa kambini Somalia niligombana na mke wangu, nikamwandikia kwenye simu: "Nenda kwenu." Sikukusudia talaka. Ami yake amemchukua, anasema zimepita talaka tatu, kilichoandikwa kimeandikwa, na asiyekuwapo hana kesi. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, swali lako limeninyima usingizi. Tangu jeshi letu liingie Somalia mwaka 2011, nyumba ngapi zimetikisika kwa maneno machache ya simu!

Ami amekosea, tena pakubwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maandishi ya mtu awezaye kusema ni kinaya, yaani kauli isiyo wazi kuwa ni talaka, na "nenda kwenu" nayo ni kinaya. Kinaya haipitishi talaka bila nia. Kaab bin Malik, sahaba aliyesusiwa kwa kubaki nyuma vita vya Tabuk, alipoamrishwa ajitenge na mkewe alimwambia neno hilihili: nenda kwenu, ukae huko mpaka Mwenyezi Mungu aamue. Haikuwa talaka. Mtume (s.a.w.) naye alimwambia hivyo binti wa Jaun, aliyekuwa amemwoa, na ikawa talaka. Neno ni moja, nia ni mbili. Simu anayoionyesha ami barazani inathibitisha kuwa uliandika. Ya moyoni mwako haiyajui. Na hizo tatu kazitoa wapi, nawe hukutaja hata moja? Huku ni kuchezea mipaka ya Mwenyezi Mungu, na asithubutu kupokea posa ya mtu.

Kesi unayo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempa kadhi mambo ya ndoa na talaka za Waislamu wanaokubali mahakama yake. Weka wakili, mwombe kamanda wako barua kwamba uko kazini, uombe tarehe isogezwe. Anayedai alete ushahidi, anayekanusha ale kiapo. Usiporidhika, kuna rufani Mahakama Kuu.

Lakini kiapo utakula wewe. Usiku ule, kidole kikibonyeza, ulitaka nini hasa? Ukiona ulikusudia kumwacha, basi moja imepita. Kama hukuwahi kumpa mbili kabla, tamka leo hii, "Nimemrejea mke wangu," wenzako wawili waadilifu wakisikia, kabla eda yake, yaani vipindi vitatu vya kutoharika na hedhi, haijaisha. Akisema eda imekwisha, na siku zinakubali, kauli ni yake.

Kuna jambo hukuniuliza. Sayyidna Umar, akiwa khalifa, aliwaandikia makamanda wake: walio mbali na wake zao ama watume matumizi, ama wawape talaka, na wakiwapa walipe ya siku zilizopita. Akamuuliza bintiye Hafsa mke anamvumilia mumewe aliye mbali muda gani. Akajibiwa kwa miezi, si kwa miaka. Wewe likizo yako ya mwisho ilikuwa lini? Pesa za nyumbani ulituma lini? Huenda ugomvi ulianzia hapo, na kadhi hawezi kukutatulia.

Kabla hujamtafuta wakili, mpigie mkeo mwenyewe, si ami yake. Usimwandikie tena. Aisikie sauti yako.

Wallahu aalam.